Kanda za Ziwani Zisiozee Kabatini

Familia nyingi za Bumala zina jamaa huko ziwani, Port Victoria au Sio Port, na katika kabati fulani huenda mna kanda za video za miaka ya 1990: boti ikiingia na omena, mashindano ya kupiga kasia, shamba lililomezwa na mto Nzoia.

Kanda hizo zinatuponyoka kwa njia mbili. Unga wa sumaku unaobeba picha unabanduka kwenye tepu, na deki za kuzichezea zinaadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha Julai 2016. Ukipata deki nzima leo, anza leo.

Itazame kanda kwanza kupitia kidirisha chake. Ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za tepu, hiyo ni kuvu, na penye unyevu wa ziwa haikawii kuota. Usiitie kwenye deki, maana kuvu itahamia vichwani mwa deki na kuambukiza kanda nyingine zote. Ifunge mfukoni, umpelekee fundi anayejua kusafisha tepu. Iliyo safi, vunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwake ili mtu asije akarekodi mpira juu ya harusi ya wazazi. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe, ndipo uicheze.

Kifaa cha kunasa video huunganisha deki na kompyuta: waya wa njano ni wa picha, mwekundu na mweupe ni wa sauti. Njia ya mkato hakuna. Kanda ya saa tatu hula saa tatu. Chagua mfumo wa PAL, ndio uliotumika Kenya. Kanda aliyoleta mjomba kutoka Marekani kwa kawaida ni ya NTSC. Ikikosa rangi au picha ikirukaruka, usiitupe. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni majina. Mchezee kukhu (nyanya) video hiyo, urekodi sauti yake kwa simu: “Kukhu, huyu aliyeshika kasia ni nani?” Tarehe inayoonekana kwenye kioo usiiamini sana, kwani wengi hawakuwahi kurekebisha saa ya kamera. Mazingira yenyewe husema zaidi. Ufuo ukiwa umezibwa na gugumaji na maji yamefika mlangoni, uliza kuhusu mvua za El Niño za 1997 na 1998. Jibu si la hakika, kwa sababu gugu lilirudi tena baadaye, lakini mzee akishapata pa kuanzia hukumbuka hata aliyekuwa mwenye boti. Andika hayo katika jina la faili: mwaka, mahali, tukio.

Weka nakala tatu, moja kwa jamaa anayeishi mbali na mafuriko. Flashi ni ya kubebea tu. WhatsApp hubana video, kwa hiyo itume kama hati. Kanda asili isimamishe wima, iliyoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na spika na joto la mabati.

Na kabla ya kuirusha video kwenye kundi la ukoo, itazame yote: watoto waliooga uchi ziwani mwaka 1995 sasa ni walimu na wachungaji. Waulize kwanza.