Simu Mpya Imekuvunja Moyo?
Somo: Walawi 25:14

Umenunua simu mpya Nakuru. Kufika Sachangwan, chaji haimalizi siku. Ukae nayo ama uirudishe? Mimi nilisomea biashara, na hesabu ni hii: pesa iliyokwisha kutoka isikuamulie. Jiulize tu, kuanzia leo itanifaa?

Ikiwa na kasoro, beba risiti na warantii, irudishe mapema, bila matusi. Ikiwa inafanya kazi ila si ya kuringia, kaa nayo.

Lakini ukiamua kumuuzia ndugu, mwambie ukweli wote wa hiyo betri. Andiko letu linakataza kudhulumiana katika kuuza na kununua. Afadhali upoteze elfu mbili kuliko upoteze ushuhuda wako. Amina.