Kabibi Anapenda kwa Lugha Gani? Kusoma Upya Filamu La Vie est belle

Wengi wetu tunamjua Papa Wemba kwa nyimbo zake. Wachache wamemwona akiigiza. Mwaka 1987, nchi ikiitwa Zaire, alishika nafasi ya Kuru katika La Vie est belle, filamu iliyoongozwa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Kuru ni mwanamuziki anayetoka kijijini kwenda Kinshasa, anapata kazi ya boyi kwa tajiri Nvouandou, na anampenda Kabibi. Tajiri naye anamtaka Kabibi awe mke wa pili, kwa shauri la mganga. Filamu inachekesha, lakini wote hao wanapendana, wanadanganyana na kugombana kwa Kifaransa.

Kabla ya kulaumu, tuangalie kilichotangulia. Mwaka 1951 John Huston alipiga sehemu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, leo Ubundu. Hatuko mbali: maji ya Lowa yanayopita Walikale huingia Lualaba hiyohiyo. Mapenzi mle ni ya Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Wanakijiji weusi wanaimba ovyo kanisani, wanagombania kipande cha sigara, kijiji kinachomwa moto, kisha hadithi inawasahau. Kwa Ngangura, Wakongomani ndio wapenzi, ndio matajiri, ndio waongo pia. Hilo si jambo dogo.

Lakini kuwakilishwa si kuonekana sura tu. Chukua jina la Kabibi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, bibi ni mama wa mzazi; kwetu mashariki ni mke, au mwanamke yeyote. Na kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu kimekiacha na kushika ki-, kwetu kingali hai: katoto, tutoto. (Kweli, lugha nyingine za Kibantu nazo zina ka-, kwa hiyo tusimnyang'anye mtu jina.) Hata hivyo, jina hilo karibu ndilo peke yake linalotuita sisi wa mashariki. Nyimbo ni za Kilingala, mazungumzo ni ya Kifaransa, mji ni Kinshasa.

Wako watakaosema Kifaransa kilikuwa njia ya haki: nchi ina lugha nne za taifa, na kuchagua Kilingala kungeziacha nyingine tatu nje. Tena fedha na watazamaji wa Ulaya walihitajika. Naikubali sababu ya pili. Ya kwanza inanisumbua, kwa sababu inafuta kile ambacho filamu yenyewe inakihitaji: umbali kati ya boyi na bwana wake. Mtu akitoka kijijini, umaskini wake husikika kwanza mdomoni. Kuru anazungumza lugha moja na tajiri, na mteremko huo unapotea.

Sisi wa Buleusa tunalijua jambo hili kwa mwili. Kijana anaweza kumtongoza msichana kwa Kiswahili, lakini siku ya mahari wazee watakaa na Kikobo, Kinyanga, Kinande au Kinyarwanda chao, na kila mmoja atasikiliza mgeni anatamka vipi. Katika eneo ambalo vita vimewahamisha watu kijiji baada ya kijiji, matamshi yanaweza kukupa kiti au kukufukuza. Mapenzi yanayovuka lugha ni hatari ya kweli huku. Filamu ya lugha moja haiwezi kuionyesha.

Kwa hiyo napendekeza zoezi. Chagueni onyesho moja la nyumbani kwa Nvouandou, mliandike kwa Kiswahili cha kwenu. Mtakwama mapema. Kuru atamwita tajiri bwana, mzee, baba au patroni? Na Kabibi, akiingia nyumba yenye mke mkubwa, atamwita Mamou dada au mama? Kundi letu lilibishana juu ya swali hilo la mwisho mpaka saa ya somo ikaisha, na wasichana wawili walikataa maneno yote mawili.