Ugonjwa wa SS: Damu ya Baba na ya Mama



Katika kambi na mitaa yetu kuna watoto wanaolia mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa. Macho yao yanakuwa ya njano, mikono na miguu inavimba, damu inapunguka. Watu wanasema: "Amelogwa." Wengine wanamtupia mama kosa. Tujifunze ukweli.

Ugonjwa huo unaitwa SS, ama drepanositozi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zinapinda kama mundu. Zinaziba mishipa midogo na kufa upesi.

Munganga Anthony Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu ya watu wa Kenya. Pwani na kando ya ziwa Victoria, penye malaria nyingi, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na alama ya S. Kwenye milima ya baridi, hata mmoja kati ya 100 hakufika. Akajiuliza: S inaua watoto, kwa nini haipotei?

Baadaye, huko Uganda, alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye alama, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Mwaka 1954 alitangaza jibu: mwenye S moja (AS) haangushwi na malaria kali kwa urahisi. Ndiyo sababu S imebaki katika inchi za mbu kama Ituri yetu. Lakini mwenye S mbili (SS) hana ngao hiyo. Malaria inaweza kumwua upesi.

S moja inatoka kwa baba, nyingine kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, wao wenyewe wanaonekana wazima. Lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto wa SS.

Tufanye nini?

1. Wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa.
2. Mtoto wa SS alale ndani ya chandarua kila usiku, anywe maji mengi, asipigwe na baridi.
3. Apate chanjo zote, na dawa alizoandikiwa asikose hata siku moja.
4. Akipata homa, akihema kwa shida ama akipauka, apelekwe hospitali siku ile ile.

Baba, usimfukuze mama wa mtoto huyo. Nusu ya ugonjwa wake ilitoka katika damu yako.