Habimana Amesilimu: Je, na Jina Lake Lisilimu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mtu akitamka shahada hapa chuoni, swali la kwanza analoulizwa na ndugu zake wapya mara nyingi si kama anajua kutawadha. Ni hili: "Sasa utaitwa nani?" Dakika tano baadaye ameshakuwa Yusufu au Abdulkarim, na Habimana, jina alilopewa na baba yake, limevuliwa kama koti. Mwisho wa wiki anapanda nyumbani Rugerero au Nyamyumba, mama anamwita Habimana, na yeye ameambiwa asiitike. Mama huyo ambaye huenda alikuwa anaanza kuuzoea Uislamu wa mwanawe anaelewa jambo moja tu: kwamba dini hii imekuja kumnyang'anya mtoto.

Ndugu msomaji, kabla hatujamfikisha mwenzetu hapo, ni wajibu wetu kujua dini yenyewe inasema nini kuhusu majina.

Majina aliyoyabadilisha Mtume (s.a.w.)

Tuanze na majina ambayo hakuyabadilisha, maana hayo tunayasahau. Umar, Uthman, Hamza, Khadija: leo tukiyasikia tunasema ni majina ya Kiislamu. Lakini wenyewe walipewa majina hayo na wazazi waliokuwa hawajasikia wahyi hata aya moja. Yalikuwa majina ya Waarabu tu. Waliposilimu, waliingia nayo katika Uislamu yalivyo. Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewahifadhi Waislamu wa mwanzo, jina lake lilikuwa Ashama. Habari za kifo chake zilipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alimswalia na kumtaja kwa jina hilohilo la Kihabeshi.

Aliyoyabadilisha yalikuwa na sababu. Yako yaliyobeba shirki: Abu Hurayra (r.a.), kwa mapokezi mashuhuri, aliitwa Abdu Shams, yaani mja wa jua, akawa Abdurrahman. Yako yenye maana mbaya: binti yake Umar (r.a.) aliitwa Aasiya, "muasi", akaitwa Jamila. Yako ya kujisifu: Barra, "mwema mcha Mungu", akawa Zaynab. Na yuko babu yake Said bin al-Musayyib, aliyeitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume (s.a.w.) alimtaka awe Sahl, wepesi. Mzee akakataa, akasema halibadilishi jina alilopewa na baba yake. Said alikuja kusimulia kwamba ule ugumu haukuwatoka katika ukoo. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Wapo wanaoitumia kumlazimisha kila anayesilimu abadili jina, lakini itazame vizuri: kilichokuwa na kasoro hapo ni maana. Lugha haikuhusika, kwani Hazn ni Kiarabu fasaha kabisa.

Basi kipimo ni maana. Sasa tulipime jina la Kinyarwanda.

Jina ambalo ni sentensi

Wanafunzi wenzetu wanaotoka Tanzania na Kenya hushangaa wakikuta ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, huyu Habimana na yule Mukamana, wakauliza jina la ukoo liko wapi. Halipo. Kwa desturi ya Kinyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi jina hilo ni sentensi nzima ambayo mzazi aliisema siku ile: kwa Mungu, kwa jirani, au kwa kifo. Banyangiriki ni swali, "wananichukia kwa lipi?" Ntawuruhunga ni kauli juu ya mauti: hakuna anayeyakimbia. (Ukitaka tafsiri yake, soma Suratun Nisaa aya ya 78.)

Sasa tazama yale yanayomtaja Mungu, ambayo ndiyo mengi zaidi. Habimana: Mungu yupo. Hategekimana: Mungu ndiye atawalaye. Hakizimana: Mungu ndiye aokoaye. Nshimiyimana: namshukuru Mungu. Ndagijimana: nimekabidhi kwa Mungu, kutoka kitenzi kuragiza, cha mtu anayempa mwenzake ng'ombe amchungie. Sijui mwalimu gani wa tawakkul angepata mfano bora zaidi kwa watu wa nchi ya ng'ombe. Na Ntakirutimana: hakuna kinachomzidi Mungu. Sisi tunayatamka maneno yenye maana hiyo kila tunapoinua mikono kuingia katika swala, halafu tunamwambia mwenye jina hilo kwamba alitupe.

Mengine hayamtaji kwa jina, ila sarufi inamtaja. Nsengiyumva ni "namwomba asikiaye". Niyonzima ni "Yeye ndiye aliye hai". Ndayisaba ni "namwomba Yeye". Hilo "yi" au "yo" ni kiwakilishi cha neno Imana, na kila Mnyarwanda anajua anayesemwa ni nani. Mwenye kujua majina mazuri ya Mwenyezi Mungu atasikia humo As-Samii na Al-Hayyu.

Hata vile viambishi vya mbele vina ndugu zake katika Sunna. Se- hutoka kwa "baba wa", Nyira- kwa "mama wa" au "mwenye", karibu sana na Abu na Ummu. Mtu huweza kuuliza: mtoto mchanga ataitwaje mama wa fulani? Mtume (s.a.w.) alimwita mtoto mdogo Abu Umayr, akimtania juu ya kindege chake kilichokufa. Na Bi Aisha (r.a.), ambaye hakuzaa, aliitwa Ummu Abdillah.

Neno Imana lenyewe

Hapa ndipo penye hoja nzito ya wanaopinga, na ni haki isikilizwe. Wanasema Imana si Allah, ni neno la wazee wa kale, lina harufu ya ramli. Ni kweli kwamba zamani neno hilo lilitumika pia kwa maana ya bahati, na hata kwa vitu vya kuagulia vilivyotoa jibu jema. Mbarushimana inaweza kusomwa "nimewazidi bahati" na pia "nimewazidi kwa Mungu". Lakini Mnyarwanda wa leo akisema Imana anamkusudia Muumba mmoja, na lugha hupimwa kwa wanavyoitumia watu wake. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tusiwe wa kwanza kurusha jiwe. Neno "Mungu" nalo lilikuwepo katika lugha za Kibantu kabla ya Uislamu, na bado Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani walitafsiri Qurani kwa kutumia "Mwenyezi Mungu". Na kuna kichekesho cha historia hapa: wamisionari Wakatoliki wa mwanzo nchini ndio walioliogopa neno Imana, wakaleta "Mungu" kutoka Kiswahili, kisha baadaye wakarudi kwenye Imana. Jina Bizimungu, "Mungu ndiye ajuaye", ni alama iliyobaki ya safari hiyo.

Jina moja linahitaji utulivu: Habyarimana. Kubyara ni kuzaa, na Suratul Ikhlas imekata kwamba Mwenyezi Mungu hakuzaa. Wenye lugha wanakusudia kwamba Mungu ndiye mwenye kutoa watoto, wala hakuna anayedai kwamba Mungu ana mwana. Hata hivyo tamko lenyewe linagusa jambo ambalo Qurani imelifunga kwa nguvu, na kwa maoni yangu mzazi Mwislamu anayetafuta jina leo achague Harerimana, "Mungu ndiye aleaye", ambalo liko karibu kabisa na maana ya Rabb. Aliyekwisha kuitwa Habyarimana aulize wenye elimu, asihukumiwe na wanafunzi wa mwaka wa pili. Na jina lililomfungamanisha mtu na Ryangombe au Nyabingi, hilo ni Abdu Shams ya kwetu. Libadilishwe bila kusitasita.

Kwa nini basi tumezoea kudai jina jipya? Sababu kubwa ni historia. Uislamu uliingia mijini mwetu na wafanyabiashara na askari wa Pwani wakati wa Wajerumani, na chini ya Wabelgiji Waislamu walibanwa katika mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili. Kusilimu kulikuwa kuhamia mtaa mwingine, kanzu, Kiswahili, na jina: Hamisi, Juma, Shabani, Mwajuma. Wakati huohuo kanisa lilikuwa likitoa majina ya ubatizo. Ikaeleweka kwamba kila dini ina majina yake kama shule yenye sare. Leo hapa Gisenyi ukivuka mpaka tu kuingia Goma utamkuta Mkristo anaitwa Baraka, Riziki au Neema, na yote matatu yana asili ya Kiarabu. Sare hiyo imekwisha kuchanika.

Majina yetu "ya Kiislamu" nayo yakaguliwe

Asia ni jina la heshima, la mke wa Firauni aliyeamini. Lakini katika Kiarabu liko jingine linalosikika karibu sawa kwa masikio yetu, lile la muasi lililobadilishwa kuwa Jamila. Tofauti ni herufi: la mke wa Firauni lina alif na sin, la muasi lina ayn na swad. Anayemwandikia mtoto jina kwa herufi za Kiarabu ahakikishe.

Kubwa kuliko hilo ni desturi yetu ya kukata. Abdurrahmani anaitwa "Rahmani" uwanjani, Abdulkhaliki anaitwa "Khaliki" bwenini. Wanavyuoni, akiwemo Ibn al-Qayyim katika kitabu chake cha hukumu za watoto, wameeleza kwamba majina kama Ar-Rahman na Al-Khaliq haitwi nayo ila Mwenyezi Mungu. Karimu na Rahimu ni mepesi zaidi, kwani Qurani yenyewe imemsifu Mtume (s.a.w.) kuwa ni rahimu katika Suratut Tawba. Sasa linganisha. Niyonzima ni sentensi juu ya Mungu, na mwenye kuitwa hivyo anabaki mja. "Khaliki" bila Abdu ni kumwita mja Muumba. Huenda tumemwondoa mwenzetu katika jina salama tukamtia katika jina ambalo sisi wenyewe tunaliharibu kila siku.

Anayetaka kuongeza jina ana ruhusa, na Abdallah na Abdurrahman ndiyo yapendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu kwa hadithi sahihi. Aitwe Abdallah Habimana, akapate yote mawili. Kulibadilisha kabisa katika kitambulisho ni safari ya ofisini, na vyeti vya sekondari huweza kubaki na jina la zamani. Fomu za vyuo vya nchi za Kiarabu nazo huuliza jina lako, la baba na la babu. Hapo andika ya kweli, hata kama baba ni Ntakirutimana na babu ni Banyangiriki, kwa sababu Suratul Ahzab imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na Zayd aliyekuwa akiitwa bin Muhammad akarudishwa kuwa bin Haritha, baba ambaye hakuwa na jina la Kiislamu.

Na mwenye kitambulisho kilichoandikwa "Abdul" peke yake, neno lililokatika katikati, ajaze nusu iliyobaki anapojitambulisha kwetu, nasi tumwite kwa ukamilifu wake.

Wallahu aalam.