Bure si Huru

Nikiwa mwaka wa tatu nilipoteza mahojiano 14. Niliyafanya kwenye soko la samaki wakati wa fildi, nikayachapa usiku kwa usiku, nikayahifadhi kwenye akaunti moja ya bure mtandaoni. Laini niliyofungulia akaunti ile nilikuwa nimeitelekeza miezi mingi bila kuweka vocha, nayo ikafungwa. Siku nilipobadilisha simu, akaunti ikadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye laini ile ile. Nikaandika kuomba msaada mara nne. Mara zote nne nikajibiwa na mashine, jibu lile lile.

Msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Kwani data zako zilikuwa kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kutelekeza laini lilikuwa kosa langu, sikatai. Lakini swali lile lilinisukuma kusoma habari za programu huria, na ninachoandika hapa ndicho nilichokipata.

Tuanze na lugha. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyetawaliwa, na watetezi wa programu huria wamehangaika miaka mingi kulifafanua. Sisi tuna maneno mawili: bure na huru. Lifti ya rafiki ni ya bure, ila unashuka anakoelekea yeye. Baiskeli yako uliilipia, lakini kona unakata mwenyewe. Huduma nyingi tunazotumia mtandaoni ni lifti, na wengi wetu tunazipanda kama baiskeli zetu.

Tofauti hii ilimuuma mtu mmoja mapema sana. Kwenye miaka ya 1980 mwanzoni, Richard Stallman alikuwa mtunga programu katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Printa ya zamani ya maabara ilikuwa ikikwama karatasi, naye alirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji ikikwama. Ikaja printa mpya ya Xerox, nayo ikikwama vilevile, lakini safari hii bila msimbo, yaani yale maandishi ya mtunga programu yanayoeleza programu inavyofanya kazi. Akamfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao. Yule akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu. Printa ilikuwa yao, imekaa chumbani kwao, na hawakuruhusiwa kuitengeneza.

Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na baadaye akaeleza uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa lengo lolote; kuichunguza na kuibadili; kugawa nakala; na kugawa toleo ulilolibadili. Angalia, bei haimo kabisa. Unaweza kuuza programu huria. Na ile programu iliyochakachuliwa unayowekewa steshenari kwa flashi ni ya bure, lakini haina uhuru hata mmoja kati ya hiyo minne.

Utasema: mimi nasoma sosholojia, msimbo utanisaidia nini? Nilijiuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba si lazima uutengeneze wewe. Inatosha kwamba mwingine anaruhusiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hakuna kampuni iliyoketi kwanza kupiga hesabu kama wasemaji wa Kiswahili wana faida. Leseni ilikuwa imesharuhusu. Kisha mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, kampuni iliyokuwa ikiilea OpenOffice. Watungaji wengi hawakuridhika na mwelekeo, wakauchukua msimbo, wakaondoka nao na kuanzisha LibreOffice, ambayo ipo mpaka leo. Waliweza kuhama bila kuacha kazi yao nyuma. Hilo ndilo nililolikosa mimi.

Lakini tusijidanganye kwamba msimbo wazi unatosha. Simu nyingi mikononi mwetu ni za Android, na ndani ya Android mna Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Simu yangu ilikuwa na Linux siku ile ile nilipofungiwa nje. Programu ikiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ufunguo anao yeye. Kwa hiyo kwa kila huduma sasa najiuliza mambo matatu. Naweza kutoa vitu vyangu vyote leo? Nikivitoa, vitafunguka kwenye programu nyingine? Na wakinifungia kesho, nitashindwa nini?

Barua pepe inafaulu vizuri kuliko vingi. Mwenye anwani ya kampuni moja humwandikia mwenye anwani ya nyingine bila kuomba ruhusa, kwa sababu zote zinafuata kanuni za wazi. Programu nyingi za kuchati haziko hivyo: ukihama, unawaacha watu wako huko.

Sikuambii ujitoe kwenye magrupu. Grupu la kozi ndiko tunakopata taarifa za testi, na anayejitoa kwa msimamo atajikuta amekosa testi kwa msimamo. Ninachosema ni kwamba lifti ipande kama lifti. Ripoti naandikia LibreOffice, nahifadhi kwa mfumo wa ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Msimamizi akitaka mfumo mwingine, namtolea nakala. Mahojiano nayaweka kama maandishi matupu, yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Nakala moja ipo kwenye kompyuta, moja kwenye flashi chumbani kwa rafiki, moja mtandaoni. Na zile namba za dharura za akaunti nimeziandika kwenye daftari, kwa kalamu.

Kuhusu yale 14, nilirudi sokoni. Tisa walikubali kuongea tena. Wengine watano sikuwapata, na utafiti wangu una pengo hilo hadi leo. Nililieleza kwenye sura ya tatu.

Kabla bando lako halijaisha leo, fungua akaunti unayoitegemea zaidi, tafuta sehemu ya kupakua data zako zote, uzipakue. Ukiikosa sehemu hiyo, umeshajua data zako ziko kwa nani.