Kabla hujapiga msumari: vidokezo vya banda la sungura la nyumbani

Mtoto akiletewa sungura, kinachotangulia kuulizwa nyumbani ni alale wapi. Jibu la haraka huwa boksi, kisha tundu la kuku lililobaki wazi, na baada ya wiki chache sungura amekufa na hakuna anayejua ameugua nini. Sungura huumwa kimyakimya. Mara nyingi kilichomuua ni banda lenyewe: joto, unyevu, au kitu kilichoingia usiku. Anza na hayo matatu kabla ya kumwita fundi au kushika msumeno mwenyewe.

1. Chagua mahali kwanza, mbao baadaye. Sungura hatoi jasho. Joto la mwili hulipunguza zaidi kupitia masikio, na hewa ikipita nyuzi 30 huanza kuteseka. Kwa mtu wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa hayo ni mambo ya kila mwaka wakati wa kaskazi. Weka banda chini ya mwembe, au kwenye kivuli cha nyumba kisichofikiwa na jua la alasiri. Mgongo wa banda uelekee kusini, maana kusi likivuma na mvua, maji huingia upande huo. Uso wenye wavu uelekee kaskazini upate upepo. Paa la makuti ni bora kuliko bati. Kama una bati tu, liinue kiasi cha kiganja hewa ipite chini yake, na juu tandika makuti. Wa Njombe au Limuru wasihangaike sana na baridi, kwani sungura huivumilia vizuri mradi awe mkavu na upepo usimpige moja kwa moja.

2. Mpe nafasi ya kuruka. Vizimba vya futi 3 kwa 2 unavyoviona kwa wafugaji ni vya watu wanaofuga wengi kwa ajili ya nyama. Sungura wa mtoto, akitunzwa vizuri, ataishi bandani miaka minane na zaidi. Kwa sungura wawili mimi sishuki chini ya futi 6 urefu, futi 2 upana na futi 2 kwenda juu. Aweze kuruka mara tatu bila kugonga ukuta, na akisimama kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse dari. Hata hivyo mtoe uani kila siku, ukiwa karibu.

3. Sakafu ndiyo kazi yenyewe. Mbao tupu hunywa mkojo, na haichukui muda harufu yake inakaba pua. Kinyesi kikilala humo hueneza koksidiosisi, ugonjwa wa matumbo unaomaliza watoto wa sungura. Wavu mtupu nao huchubua nyayo, maana chini ya mguu sungura ana manyoya tu. Kwa hiyo changanya: theluthi mbili wavu wa matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, theluthi moja ubao uliopigwa randa. Ubao huo usiupigilie. Kata mbili zinazolingana, mmoja uwe bandani na mwingine umeoshwa uko juani, kisha ubadilishe. Wavu ukiwa ghali, fito za mianzi zilizolainishwa zinafaa, mwanya kati yake uwe kama sentimita moja na nusu. Chini ya sakafu inamisha kipande cha bati kuelekea ndoo. Wapo wakulima wengi Kenya wanaoukinga mkojo huo, wakauzimua kwa maji na kuumwagia mboga.

4. Wavu wa kuku uache kwa kuku. Mbwa huuchana, panya hupenya, na mkojo huutia kutu upesi. Nunua wavu mgumu wa kuchomelewa, uliopakwa zinki, na uupigilie kwa misumari ya U upande wa ndani wa fremu. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, kwa hiyo ukiupigilia kwa nje atazitafuna mbao mpaka atoke.

5. Usisahau siafu. Watu hukumbuka paka na nguchiro tu. Siafu wakivamia usiku huua watoto wote wa sungura, na mama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Nyanyua banda futi 3, kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu, na makopo uyakinge mvua isiyajaze. Halafu kagua: tawi moja linalogusa paa, au banda kuegemea ukuta, tayari ni daraja.

6. Mbao za paleti ni nzuri, ila soma muhuri wake. Herufi HT maana yake wadudu wa mbao hizo waliuawa kwa joto. Herufi MB maana yake zilifukizwa methili bromidi, sumu. Hizo ziache hata ukipewa bure. Wala usipake rangi au oili ndani. Chochote kilicho karibu na meno yake kitaishia tumboni.

7. Mlango uwe mkubwa kiasi cha mkono wako kufika kila kona. Bawaba za chuma, komeo mbili.

8. Bakuli la maji liwe la udongo, zito, asilipindue. Nyasi kavu ziweke kwenye susu ya wavu ukutani, zisikanyagwe.

9. Tenga dume na jike mapema. Wakifika miezi minne usiwaamini pamoja, na jike huweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Ukitaka watoto, mtengenezee sanduku la sentimita 40 kwa 30, kimo 30, lenye kizingiti cha sentimita 15 watoto wasitambae nje. Liingize siku ya 28 tangu apandwe, kwa kuwa huzaa karibu na siku ya 31, na ulijaze nyasi kavu. Manyoya atajinyofoa mwenyewe kifuani. Usishtuke ukiona hakai nao. Hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Asubuhi funua manyoya taratibu utazame matumbo yao: yakiwa yametuna, wamenyonya, na usiwaguse tena mpaka kesho.