Kusema na Kusikilizana

Watu wengi hudhani kwamba mtu akisha kusema, kazi imekwisha. Sivyo. Neno lililosemwa ni nusu tu ya mazungumzo. Nusu ya pili imo katika sikio la mwenzake, wala haijulikani mpaka ajibu.

Tuitazame Kariakoo. Jina lenyewe ni ushahidi: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapo wapagazi wa jeshi lao, kikosi cha Carrier Corps, wenyeji wakalisikia jina hilo kwa sikio la Kiswahili, likawa Kariakoo. Neno hufika kwa sura ya yule alipokeaye.

Sokoni mnunuzi husema, "Nipunguzie, kaka". Muuzaji hutaja bei. Mnunuzi hugeuka kana kwamba aondoka, naye huitwa. Hata kule kugeuka ni usemi. Kila mmoja hungoja jibu kabla ya kuongeza neno, ndiyo maana wasiojuana hupatana kwa dakika chache, hali mume na mke wa miaka kumi huenda wakashindwa kupatana juu ya karo ya mtoto.

Jibu lisipokuja, je? Tarehe 15 Mei 2023 wafanya biashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia mambo ya kodi, agizo la kuandikisha stoo, na ile waliyoiita kamatakamata. Mlango uliofungwa ukawa ndio usemi wao. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja, akawasikiliza hadharani, kamati ikaundwa. Lakini Juni 2024 maduka yalifungwa tena. Nani alikuwa na haki katika kodi si somo letu leo. Twaona hili tu: mkutano ni kusikiliza, jibu ni lile mlalamikaji alionalo baadaye dukani pake. Na wakati wakubwa wanapokosa kuelewana, mchukuzi na mama lishe, waishio kwa pato la siku, hulipa bila ya kuulizwa.

Nyumbani nako kuna milango ifungwayo. Kijana anyamazaye wakati wa chakula anasema jambo. Baba asipaaze sauti, wala mama asikisie tu, bali wamrudishie walichosikia: "Mwanangu, tumeelewa kwamba hutaki shule ile kwa sababu wanakucheka. Ndivyo?" Akijibu kwamba sivyo, aulizwe tena, na safari hii wangoje.